Sindano ni Saidia Fundi



Alfajiri ya Jumapili moja, mzee wetu mmoja, dereva wa basi mstaafu, alianguka alipokuwa akienda kutawadha. Mkewe alimkuta mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea kama kamba, na maneno yanamtoka hayashikiki. Hapa Uingereza tunakoishi, ukibonyeza 999 gari la wagonjwa linakuja mlangoni bila kuulizwa hata senti. Lakini simu ya kwanza haikupigwa huko. Ya kwanza ilikwenda kwa shemeji yake aliye mji wa pili, na ya pili kwa dada yake Tanga. Ya tatu ilirudi kwa shemeji, ambaye sasa alikuwa amekumbuka ujumbe aliotumiwa: mtu akipigwa na kiharusi asisogezwe, atobolewe ncha za vidole vyote kumi mpaka damu itoke, kisha ndewe za masikio, naye atazinduka. Ikatafutwa sindano ya cherehani. Vidole vikatobolewa. Mzee akalazwa apumzike, damu itulie. Gari la wagonjwa liliitwa saa nne asubuhi.

Hospitali waliuliza swali moja kabla ya jingine lolote: mara ya mwisho mzee alionekana mzima saa ngapi? Jibu lilikuwa limeshavuka mpaka. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya dakika 270 tangu dalili zianze, na sisi tulikuwa tumezimaliza kwa simu na sindano ya kushonea nguo. Iko njia nyingine, iliyothibitika kwa majaribio ya mwaka 2015, ya kuchomoa donge kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, na tangu 2018 baadhi ya wagonjwa wanaweza kufanyiwa hata ikifika saa ya 24. Lakini hiyo ni kwa donge lililoziba mshipa mkubwa, na la mzee halikuwa la namna hiyo.

Ujumbe ule wa vidole kumi si mgeni. Umezunguka duniani tangu enzi za barua pepe mwanzoni mwa miaka ya 2000, sasa unapita kwenye simu, na kila anayeutuma anadhani anaokoa roho. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kwamba kiharusi cha mshipa mkubwa usiotibiwa huua seli za neva milioni 1.9 kwa kila dakika. Nusu saa ya kupigiana simu ni seli milioni 57. Hebu tujiulize, ni nani kati yetu angekubali kulipa bei hiyo kwa kuwa shemeji hajapokea simu?

Tunaandika haya kwa sababu kisa hakikuishia kwenye sindano ya cherehani. Mzee alipotoka hospitali ilikuja sindano nyingine, ya Kichina safari hii, ya kliniki yenye vitanda na kalenda ukutani, na jumuiya yetu ikagawanyika makundi mawili. Kundi moja likasema hii ndiyo tiba, hayo mengine ni kupoteza wakati. La pili likasema huo ni uganga uliovaa koti jeupe. Sisi ni wahandisi wa umeme, si madaktari. Tulisoma ughaibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo tumekula mkate wetu kwa kupima vitu na kuuliza kama kipimo chenyewe ni kizima. Kwa kipimo hicho, makundi yote mawili yamekosea. Waliojenga nyumba nyumbani wanajua kwamba kila jengo lina fundi na lina saidia fundi. Saidia fundi huchanganya zege, hubeba maji, husogeza matofali. Ni mtu wa maana, lakini hapewi ramani ya nyumba. Sindano ni saidia fundi.

Tuanze na wanaoitukuza, maana ndio wengi. Imani yetu kwa sindano za Kichina haikuanguka kutoka mbinguni. Madaktari wa Kichina walifika Unguja mwaka 1964, na mpaka leo jimbo la Jiangsu linaleta timu zake Mnazi Mmoja na Pemba. Wengi wetu wa rika hili tulisikia habari za sindano zao tukiwa watoto, enzi ambazo Mnazi Mmoja ikiitwa Hospitali ya Lenin. Lakini tunasahau jambo moja. Madaktari wale walikuwa ndani ya hospitali. Walipasua, walizalisha, waliandika vidonge, na waliochoma sindano walichoma katika jengo hilohilo. Hawakumwambia mtu aache vidonge vya presha.

Hata kisa kilichoitangaza tiba hii nchi za Magharibi kinasema hivyo hivyo. Julai 1971 mwandishi wa New York Times, James Reston, alishikwa na kidole tumbo akiwa Beijing. Leo watu husimulia kwamba Wachina walimpasua kwa sindano tu, bila ganzi. Si kweli, na yeye mwenyewe alieleza katika gazeti lake. Alipasuliwa kwa upasuaji wa kawaida na ganzi ya kawaida. Sindano zilikuja baadaye, usiku wa pili, kumtuliza tumbo lililojaa gesi. Fundi alikuwa ameshamaliza kazi, saidia fundi akaingia kusafisha. China yenyewe leo, mgonjwa wa kiharusi akifikishwa hospitali kubwa, hupigwa picha ya kichwa kwanza na hupewa dawa ya kuyeyusha donge akistahili, na sindano hufuata wodini. Sisi tulioko London na Leicester ndio tunaotaka kuwa Wachina kuliko Wachina.

Kwa nini picha kwanza? Kwa sababu kiharusi ni namna mbili. Katika wagonjwa 100, kama 85 bomba limeziba, na waliobaki bomba limepasuka. Ukiwa sebuleni hutofautishi, kwani nyumba isiyo na maji ni nyumba isiyo na maji. Lakini dawa ya kuzibua ukiipeleka kwenye bomba lililopasuka unaifurikisha nyumba. Mashine ya CT inaona tofauti hiyo kwa dakika chache. Sindano haioni, na mchomaji haoni, awe Mchina au shemeji.

Sasa tuje kwenye miezi ya baadaye, ambako ndiko tiba hii ina haki ya kusikilizwa. Mzee wetu alichomwa mara tatu kwa wiki kwa wiki 16, pauni 50 kila mara. Jumla pauni 2,400, zilizotoka kwenye michango ya ndugu, wengine wao wanaofanya kazi za usiku maghalani. Aliambiwa kwamba sindano zitaamsha ubongo uliolala. Mwezi wa tatu alianza kutembea kwa fimbo, na kliniki ikasema, mmeona? Tuliona. Lakini mhandisi akiona mstari unapanda huuliza ungepanda bila yeye au la. Kiharusi kina mstari wake wa kupona, na sehemu kubwa ya nguvu za viungo zinazorudi zenyewe hurudi katika miezi mitatu ya mwanzo. Ukianza lolote wiki ya tatu, iwe sindano, asali au kombe, utavuna sifa za mwezi wa tatu.

Ndiyo maana vikawekwa vipimo vya haki. Wagonjwa hugawanywa kwa kura, nusu wakachomwa kweli na nusu wakachomwa sindano ya bandia, bila wenyewe kujua nani kapata ipi. Mwaka 1998 Andrew Vickers na wenzake walikusanya majaribio ya sindano kutoka nchi mbalimbali, wakakuta kwamba yaliyotoka China yote yalifaulu. Yote! Kwetu sisi, mita inayosoma namba ileile kila siku, umeme uwepo usiwepo, ni mita mbovu. Kinyume chake, jaribio lililofanywa Uingereza kwa wagonjwa 116 na kuchapishwa 2005 halikuona tofauti kati ya sindano ya kweli na ya bandia katika uwezo wa mgonjwa kujihudumia.

Mwaka 2016 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio na kuyachuja, lilipitia majaribio 31 yenye wagonjwa 2,257 waliokwisha kuvuka siku za hatari za kiharusi. Lilisema sindano huenda zinasaidia baadhi ya ulemavu na utegemezi, na madhara makubwa hayakuonekana, lakini majaribio mengi yalikuwa madogo na dhaifu mno kusimamishia hukumu. Kwa waliojeruhiwa ubongo kwa ajali, shirika hilohilo mwaka 2013 lilipata majaribio manne tu, watu 294 kwa jumla, likasema hakuna hukumu inayoweza kutolewa. Yeyote mwenye kijana aliyeanguka na bodaboda, akaambiwa sindano zitamrudishia kumbukumbu, na akumbuke namba hiyo kabla hajauza kiwanja.

Hapo wenye kudharau wataanza kucheka. Wasubiri kidogo, zamu yao imefika.

Wachina nao wamerekebisha mita zao. Mwaka 2024 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio kutoka China kwa watu 252 waliopoteza usemi baada ya kiharusi. Sindano za kweli zilishindanishwa na za bandia kwa wiki sita, na waliochomwa za kweli walizungumza vizuri zaidi, hata miezi sita tangu mwanzo. Jaribio moja si msahafu, linahitaji kurudiwa kwingine. Lakini aliyezoea kusema hakuna ushahidi hata chembe, na abadilishe kauli. Halafu tazameni jambo ambalo wauza sindano hawalitaji: katika jaribio hilo makundi yote mawili yaliendelea na mazoezi ya lugha na matibabu ya kawaida. Hakuna aliyepewa sindano peke yake. Saidia fundi alisaidia kwa sababu fundi alikuwepo.

Na tuwaulize wenye kudharau: mnajua mzee alikuwa akienda kufanya nini kule? Alikuwa akienda kulala saa nzima katika chumba chenye joto, akishikwa mkono na mtu anayemuuliza usiku amelalaje. Bega lake lililokuwa likimuuma lilitulia. Kama ni sindano, au joto, au kushikwa, hatuwezi kuapa. Lakini bega lilipotulia aliweza kuunyanyua mkono katika mazoezi, na hilo si dogo. Kusema ni uganga ni rahisi kwa asiyeumwa na bega. Mfa maji haachi kutapatapa, na anayemcheka bila kumpa kamba hana la kujisifia.

Maana ukweli ndio huu. Watu hukimbilia sindano kwa sababu fiziotherapia haiwatoshi. Mwongozo wa afya wa Uingereza ulisema mwaka 2013 kwamba mgonjwa apate dakika 45 za kila tiba anayohitaji, siku tano kwa wiki. Oktoba 2023 ukapandishwa: angalau saa tatu kwa siku, siku tano. Maandishi mazuri. Mzee wetu alipotoka hospitali alitembelewa mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, kisha akapewa karatasi yenye michoro ya mazoezi, kwa Kiingereza, na mlango ukafungwa. Katika pengo hilo ndipo kliniki ya sindano ilipofungua duka.

Na hapa ndipo penye kiini. Sehemu ya ubongo iliyokufa haiamki, iwe kwa sindano au kwa dua ya nani. Inakuwa kama transfoma iliyoungua. Mtaa unaweza kupata umeme tena, lakini kwa kupitia laini za jirani, na laini hizo lazima ziunganishwe, zijaribiwe, zizoeshwe mzigo. Ubongo hufanya kazi hiyo kwa njia moja kubwa: kurudia. Kunyanyua kikombe, kukiweka, kukinyanyua tena. Katika majaribio ya wanyama, marudio ni mamia kwa siku. Mwaka 2009 watafiti wa Amerika Kaskazini walikaa katika vyumba vya mazoezi wakahesabu mgonjwa wa kiharusi anarudia mara ngapi tendo la mkono katika kikao kimoja. Wastani ulikuwa 32.

Thelathini na mbili, ndugu zangu. Kati ya 32 na mamia kuna shimo, na hakuna sindano inayolijaza. Wanaoweza kulijaza ni sisi tulio karibu naye, na sisi tulikuwa wapi? Wiki ya kwanza nyumba ya mzee haikuwa na pa kuvua viatu. Tulileta biriani, tulileta maji ya zamzam, na mmoja wetu alimnywesha kabla hajapimwa kama anaweza kumeza, akapaliwa. Kwa aliyepooza koo maji huingia mapafuni, na homa ya mapafu ni miongoni mwa yanayowaua wagonjwa wa kiharusi. Baada ya arobaini tukatawanyika. Tuliobaki tulimfanya mgeni wa heshima nyumbani kwake: tulimlisha, tulimvisha, tulimchukulia kikombe mkononi tukidhani tunamwonea huruma. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyolelewa. Mzee hatukumpa jembe. Leo vidole vyake vimejikunja ngumi, na inahitaji mkono wa pili kuvifungua.

Pauni 2,400 tulizipata. Saa 2,400 za kukaa naye tukahesabu vikombe hatukuzipata. Pesa ni nyepesi kwetu kuliko wakati, na sindano inauzwa kwa pesa. Hilo ndilo linalotupasa kuona haya, kuliko ubishi wa nani mjinga na nani msomi.

Hatusemi sindano ipigwe marufuku. Tunasema iajiriwe kama saidia fundi anavyoajiriwa, kwa masharti.

Kwanza, siku ya kiharusi hakuna sindano ya namna yoyote. Uso umekwenda upande, mkono umeanguka, usemi umeharibika: hata likiwa moja, ni simu ya dharura papo hapo. Shemeji ataarifiwa ndani ya gari.

Pili, hakuna dawa ya hospitali inayoachwa. Mchomaji aambiwe mgonjwa anatumia dawa gani, hasa za kuzuia damu kuganda, na daktari naye aambiwe kuhusu sindano. Anayekwambia uache vidonge, inuka uondoke.

Tatu, achome mtu aliyefunzwa, kwa sindano mpya zinazotupwa zikitumika. Katika mikono hiyo hatari ni ndogo. Uchunguzi wa aina mbili uliochapishwa Uingereza mwaka 2001 ulihesabu matibabu zaidi ya 66,000 bila dhara kubwa hata moja. Lakini hapa Uingereza jina la mchomaji sindano halilindwi na sheria kama la daktari, kwa hiyo ulizeni yuko kwenye daftari la chama gani kabla ya kuuliza bei.

Nne, pimeni. Kabla ya sindano ya kwanza andikeni: bega linauma kiasi gani kati ya sifuri na kumi, vidole vinafunguka kiasi gani, anatembea hatua ngapi. Baada ya mara sita au nane someni tena. Kama namba hazijasogea, shukuruni mwondoke.

Tano, sindano isile hata saa moja ya mazoezi. Ikigongana na fiziotherapia, sindano ndiyo itakayohamishwa.

Tunaongeza moja lisilo la sindano. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya kwa watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha tofauti za umri, ni kama 109 wilaya ya Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Si jini lililohamia mjini. Presha isiyopimwa ndiyo mwenyeji mkuu wa kiharusi, na sisi wenye asili ya Afrika tulioko Uingereza tunakipata tukiwa na umri mdogo kuliko Wazungu. Mashine ya kupimia presha nyumbani inapatikana kwa pauni kama 20. Kwa fedha za zile sindano tungenunua 120, tukawekea familia 120. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kiharusi hujengwa kwa mifupa ya mke na mabinti wanaouguza.

Mzee bado yupo. Kwa wagonjwa kama yeye, kuendelea kurudia kunaleta faida hata baada ya miaka, ingawa polepole. Tumemwomba mtaalamu wa fiziotherapia atuonyeshe tendo gani lirudiwe na lipi liachwe, maana kumvuta mtu kwa mkono uliopooza kunaweza kuliteua bega. Karatasi ile ya michoro tumeiandika upya kwa Kiswahili. Sasa tunatafuta watu saba, mmoja kwa kila siku ya wiki, kila mmoja saa moja. Hakuna kuchangia pesa. Kazi yenyewe ni kukaa naye mezani, kuweka kikombe mbele yake, na kuhesabu bila kukinyanyua kwa niaba yake, hata kikimwagika.

Mpaka tunaandika haya tumepata wanne. Jumanne, Alhamisi na Jumapili bado ziko wazi.